Unga, Chenga au Kioo

Swali lililoninyima usingizi siku tatu mfululizo lilikuwa fupi: gari kubwa au gari dogo? Lingeweza kuandikwa kwenye kiganja. Lakini kila nilipolala lilikuja na ndugu zake. Kubwa lina nguvu, sawa, lakini litageukia wapi? Dogo litageuka, lakini likishindwa kusukuma je? Na likishindwa, Mama Consolata atatokaje nyumbani siku ya Jumanne?

Ninawaandikia nyinyi, wadogo zangu, mnaochukua funguo za gari na plau la kusukumia theluji kuanzia msimu huu. Mzee Ladislas ameniomba niwaachie maelezo ya kazi. Alisema ukurasa mmoja unatosha. Anayenifahamu atajua kwamba mimi ukurasa mmoja hunitosha kusalimia tu.

Ninastaafu kusukuma theluji nikiwa na miaka ishirini na tisa, baada ya misimu mitano. Msicheke. Hapa Dallas msimu mzima unaweza kuwa siku tatu, na mwaka mwingine hakuna hata moja, kwa hiyo ukikusanya siku zote nilizofanya kazi hii hazifiki mwezi. Siku nyingine zote nilikuwa ninaifikiria. Sasa nimepata kazi ya ofisini Houston, mji wa mafuriko, na shangazi yangu aliyeko huko ameshaniambia kwamba ujuzi wangu niuache njiani. "Huku hutasukuma theluji, Zuhura," alisema. "Huku utasukuma maji."

Nianze na Mzee, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Mzee Ladislas ni Mrundi aliyekaa miaka mingi Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Alifanya kazi ghalani, akipakia mizigo, kisha akanunua mashine moja ya kukata nyasi, na sasa ana uwanja wa vifaa kule DeSoto, kusini mwa Dallas, na wateja kuanzia huko hadi Carrollton, kaskazini. Mimi nilikuwa nimemaliza uhandisi wa mitambo chuoni Richardson, nina cheti kizuri na simu isiyolia. Akanipa kazi ya kupanga ratiba za wateja. Siku ya pili alikuta nimechora ramani ya njia zote za wakata nyasi kwa rangi saba, akaitazama, akasema, "Binti, huyu anayekatiwa nyasi mara moja kwa mwezi, kwa nini ana rangi mbili?"

Nikamweleza. Maelezo yalichukua dakika ishirini. Alisikiliza yote, mtu yule, amesimama na glovu mkononi.

Mwisho wa mwaka ule akaja na jambo lake. Kuna mama mmoja Carrollton, Mkongo kutoka Bukavu, mjane, anaitwa Mama Consolata. Figo zake zimechoka. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima apelekwe kliniki akasafishwe damu kwa mashine, saa tano asubuhi. Anatembelea kiti cha magurudumu, na mlango wa mbele wa nyumba yake una ngazi, kwa hiyo hutoka kupitia gereji iliyo nyuma. Kipupwe kilichotangulia, barafu ilitanda juu ya njia yake ya gari na akakosa kliniki mara mbili mfululizo. Watu wa parokia walikwenda na makoleo ya bustani wakashindwa. Miguu ilivimba, akawa analala ameketi ili apate pumzi. Mzee alikuwa mmoja wa wale wenye makoleo. Mama alipopona, Mzee alimwahidi mbele ya watu kwamba haitatokea tena.

"Kwa hiyo tunaanza kazi ya kusafisha njia za magari wakati wa baridi," akaniambia. "Yeye wa kwanza, na wengine wanaotaka. Wewe ni injinia. Chagua gari, chagua na plau."

Nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni: nikakusanya taarifa. Nikawapigia wateja kumi na wanne, karibu wote watu wa kwetu, Watanzania, Warundi, Wakongo, Wakenya wawili. Nikawauliza kwa Kiswahili, maana nilitaka wajibu kwa raha: mwaka jana, barafu ilikuwa nyingi kiasi gani?

Sikilizeni majibu. Mtanzania mmoja wa DeSoto: "Barafu ilifika hapa kwenye kifundo cha mguu." Mrundi mmoja: "Barafu ilikuwa kila mahali, hata mbwa alikataa kutoka." Na Mama Consolata mwenyewe, kwa sauti yake ya taratibu: "Barafu ilikuwa mingi, mutoto yangu. Mulango ya garage ilikatala kufunguka."

Nikaandika: theluji nyingi, kina kirefu, imezuia milango. Nikaijumlisha kwenye jedwali langu lenye safu arobaini. Jedwali likasema tunahitaji pikapu kubwa, ya tani ya kutosha, kabini ya milango minne, magurudumu yote manne yanavuta, na mbele yake plau la chuma la futi nane. Plau la namna hiyo Texas hulipati kirahisi. Tulilifuata kwa tela hadi Kansas, mimi na Mzee, na njia nzima nilimweleza jinsi haidroliki, ule mfumo wa mafuta unaoinua plau, inavyofanya kazi.

Aliyelifunga ni Kamau, fundi wetu Mkenya, ambaye mtamkuta bado yupo na mdomo wake bado upo. Alilizunguka lile plau mara mbili.

"Madam engineer," akasema, "hii unaenda kufungua driveway ama unaenda kufungua Thika Road?"

"Jedwali linasema futi nane."

"Jedwali imewahi kuishi Carrollton?"

Nilidhani anatania, na kweli alikuwa anatania, ila utani wa Kamau huwa ndani yake una spana.

Mzee yeye aliuliza jambo moja tu. Kwao plau ni chombo cha kulimia, linavutwa na ng'ombe au trekta na kazi yake ni kupindua udongo. "Hili nalo lina ncha ya chuma chini," akasema. "Halitalima?"

"Hapana, Mzee. Hili linasukuma tu."

Basi ikaja siku ya kwanza. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kwanza. Tulifika nyumbani kwa Mama Consolata saa moja na nusu asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, na mimi nikaona makosa yangu matatu ndani ya dakika kumi. Nitawaeleza moja moja, kwa sababu kazi yote mnayoirithi imetoka kwenye zile dakika kumi.

Kosa la kwanza ni neno. Chini hapakuwa na theluji. Palikuwa na mvua iliyoganda usiku, ngumu, inang'aa, imeshikana na zege kama gundi. Mlango wa gereji wa mwaka uliopita haukuzuiwa na lundo la kitu chochote. Ulikuwa umegandia sakafuni. Mama Consolata aliniambia ukweli mtupu, nami nikaandika uongo, kwa sababu sisi wote tunaotoka kule tunaita barafu kila kitu cheupe na baridi: kilicho juu ya Kilimanjaro, kilicho kwenye friji, kile tulichokuwa tunanunua utotoni kwenye vifuko vya nailoni na kunyonya hadi meno yaume. Nilishusha plau. Likateleza juu ya ile barafu kama sahani juu ya meza, bila hata kuikwaruza.

Baadaye Kamau alinihoji kama askari. "Kwani Kiswahili yenu ya Tanzania haina maneno mawili? Snow na ice?"

"Tunayo. Theluji na barafu."

"Sasa mbona hamtumii?"

"Theluji ni ya kwenye vitabu vya jiografia," nikasema. "Hakuna mtu anampigia mwenzake simu akasema theluji."

Kosa la pili ni kichochoro. Mtu akikuambia kusafisha njia ya gari, akili hukupeleka kwenye picha ya nyumba yenye gereji mbele, barabara pana, unaingia moja kwa moja. Lakini nendeni Carrollton na Richardson mkaangalie mitaa ya zamani kidogo. Gereji ziko nyuma. Nyuma kuna kichochoro cha zege cha futi kumi hivi, uzio wa mbao upande huu, uzio upande ule, mapipa ya taka, nguzo, masanduku ya umeme. Ili uingie kwa Mama Consolata unapaswa kukata kona kamili kutoka kichochoroni. Pikapu yetu ya milango minne, yenye plau la futi nane puani, haikukata kona ile. Nilikwenda mbele, nikarudi, nikaenda mbele, nikarudi. Jirani alitoka na kikombe chake cha kahawa akasimama kunitazama kama anatazama mpira.

Kosa la tatu lilizaliwa na la pili. Katika kurudi na kwenda, nikakata kona juu ya nyasi za jirani huyohuyo, plau likiwa chini. Ncha ikaingia ardhini. Ukanda mzima wa nyasi ukainuka, umejikunja vizuri kama mkeka, pamoja na vinyunyizio viwili vya maji.

Mzee alikuwa pembeni na koleo. Alikuja, akautazama ule mtaro, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa hapa tunapanda nini? Mahindi?"

Nilitaka ardhi inimeze, na palikuwa tayari pamechimbwa. Lakini sikilizeni, hapa ndipo ninapomshukuru mtu yule hadi leo. Hakupaza sauti. Alikwenda kumwomba radhi jirani, akamwambia nyasi zitarudishwa, na zilirudishwa. Kisha akatoa vikwanguo viwili vyenye mpini mfupi, vile vya kubandulia gundi ya sakafu, alivyokuwa ameviweka nyuma ya pikapu bila kuniambia, pamoja na chumvi na mchanga. Tukapiga magoti. Tulibandua barafu ile vipande vipande, mimi na yeye na Francine, binti wa Mama Consolata anayefanya kazi hotelini. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Mama Consolata alikaa kwenye kiti chake mlangoni mwa gereji, amejifunika kitenge na koti, akitutazama. Hakulalamika. Mara moja tu alisema, "Francine, wape hao watu chai."

Alifika kliniki saa tisa. Mashine yake ilikuwa imepewa mtu mwingine. Walimwambia arudi kesho yake, na usiku ule hakuweza kulala chali.

Wiki iliyofuata nilimwambia Mzee kwamba ninaacha kazi. Nilikuwa nimeandika barua, kurasa tatu. Aliikunja bila kuisoma akaiweka mfukoni.

"Uliwauliza watu kumi na wanne kuhusu barafu," akasema. "Mimi hukuniuliza."

"Kuhusu nini, Mzee?"

"Kuhusu vichochoro. Nakata nyasi kwenye hizo nyumba miaka tisa. Najua kila kinyunyizio kilipolala. Najua mfuniko wa mita ya maji wa kila nyumba. Kwa Mama Consolata, zege limeinuka karibu na gereji, upande wa kushoto, kwa sababu ya mizizi ya ule mti. Ungeniuliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unazungumza," akasema, na akacheka hadi akakohoa.

Siku ileile tukaanza kuzunguka, nyumba kwa nyumba. Yeye anaonyesha kwa fimbo, mimi naandika. Daftari lile la kijani ndilo nililowaachia kwenye droo. Lisomeni kabla ya kugusa gari. Na kabla ya baridi nendeni wenyewe mkatembee kila njia kwa miguu, mchomeke vijiti vyenye utepe kwenye kila kinyunyizio na kila ukingo, maana vikishafunikwa hakuna atakayekumbuka. Mahali ndipo panapochagua gari.

Kuhusu lile neno, tuliunda lugha yetu. Mnaposikia wateja wakisema unga, chenga au kioo, msidhani ni jikoni. Unga ni theluji laini, inapeperuka. Hiyo plau lolote linaifaa, na ikiwa kidogo hata fagio. Chenga ni zile punje ngumu zinazodunda kwenye kofia, kama mchele uliovunjika. Ndizo tunazozipata zaidi hapa. Chenga zinasukumika vizuri sana zikiwa bado punje. Ukizingoja hadi jua la mchana lizilainishe kisha jioni izigandishe, zimekuwa kioo, na umechelewa. Kioo ni kile nilichokutana nacho Alhamisi ile. Kioo hakina plau. Kina chumvi, mchanga, vikwanguo na subira. Mteja akipiga simu akisema kuna barafu, msiandike chochote. Mwulizeni: unga, chenga au kioo? Siku hizi mabibi wa Carrollton wananipigia wenyewe na kusema, "Leo ni chenga, ila chini kuna kioo kidogo." Hakuna mtabiri wa hali ya hewa anayewafikia.

Na kabla sijasahau: maji ya chumvi hunyunyizwa siku moja kabla, yakauke juu ya zege, ili kitakachoanguka kisishikane nalo. Lakini mkisikia kwamba mvua ya kawaida itatangulia kabla ya baridi, msijisumbue, itaosha kila kitu. Niliwahi kunyunyizia nyumba sita kwa bidii kubwa, mvua ikaja jioni ikanywesha nyasi za watu chumvi. Mzee akasema angalau plau lililima tu.

Sasa turudi kwenye gari dogo.

Uwanjani DeSoto tulikuwa na kigari cha shambani, kile kinachofanana na gari la gofu lililonenepa, viti viwili na karai nyuma. Wakati wote wa joto vijana walikitumia kubebea maganda ya miti ya kutandaza bustanini, wakiingia nacho kwenye vichochoro hivyohivyo vilivyonishinda. Magurudumu yote manne yanavuta. Upana wake ni futi tano. Nilikuwa nimekipita kila asubuhi kwa miezi sita nikienda kuandika jedwali la magari.

Nikampelekea Kamau wazo. Alikuna kidevu. "Inaweza," akasema. "Lakini usinitoe futi nane ukanipeleka futi moja."

"Futi tano. Na ncha isiwe ya chuma."

"Ncha ya nini basi, madam? Ya ugali?"

Ya mpira. Mzee alikumbuka kwamba ghalani alikofanya kazi zamani walikuwa wakitupa mikanda ya kupitishia mizigo, mpira mnene wenye nyuzi ndani. Akaenda akaomba kipande. Kamau akakikata, akakifunga kwa boliti chini ya bamba jepesi. Mpira unafuata mabonde ya zege, haung'oi kitu, haukwami pale zege lilipoinuka. Mkiuona umeliwa kiasi cha vidole viwili, ugeuzeni; ukiliwa pande zote, tafuteni mwingine. Vile viatu vya plau, vyuma viwili vinavyogusa chini, viinueni mkiwa juu ya zege ili mpira ufike, na kwenye kokoto viteremsheni ili bamba lipite juu. Mifuko ya mchanga iwekeni nyuma kabisa ya karai, maana plau likining'inia puani, magurudumu ya nyuma husahau kazi yao. Hili ni kweli kwa gari dogo na kubwa, na kwa kubwa angalieni pia ile karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva inayosema ekseli ya mbele inabeba kiasi gani. Mimi niliisoma baada ya kununua.

Wiki chache baadaye, siku ya Alhamisi, Kamau alimaliza kukifunga bamba kigari. Ijumaa watabiri wakasema Jumanne itashuka mvua ya punje, na chini itakuwa kavu kabla yake. Chenga tupu, na siku ya kliniki.

Hapo ndipo usingizi uliponitoka. Kigari hakikuwa kimewahi kusukuma chochote zaidi ya vumbi la uwanjani. Na hakiruhusiwi barabarani, lazima kipakiwe kwenye tela na kuvutwa na ile pikapu. Pikapu nayo, ikivuta tela huku plau la chuma linaning'inia mbele, usukani unakuwa mzito na breki hazitabiriki. Kamau alikataa katakata. Kwa hiyo ilikuwa ni moja au jingine. Plau kubwa likae puani na kigari kibaki DeSoto, au plau kubwa livuliwe na tuende na kile kidogo peke yake. Hakuna kurudi katikati, kutoka DeSoto hadi Carrollton kwa barabara ya siku kama ile si safari ya kufanya mara mbili.

Nilifungua jedwali jipya. Safu kumi na mbili, nikajisifu kwa kujizuia. Kubwa lina nguvu na lilishashindwa, lakini lilishindwa kwenye kioo, siyo kwenye chenga. Labda kwenye chenga lingeweza. Labda ningeligeuza vizuri zaidi mara hii. Dogo halijashindwa, lakini halijajaribiwa. Kila safu iliishia kwa labda.

Jumatatu asubuhi nikaenda Carrollton na futi ya chuma, nikapima kona ya kichochoro kwa mara ya nne. Mama Consolata alifungua mlango wa gereji akanikuta nimechuchumaa kwenye zege.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unapima tena?"

"Napima tena, Mama."

"Kona imekomea? Imekuwa kubwa?"

"Hapana, iko vilevile."

Alinisogelea na kiti chake hadi ukingoni mwa kivuli. Mikono yake ina uvimbe pale sindano zinapoingia, na alikuwa ameiweka juu ya mapaja kama mtu aliyeshika kitu chepesi. "Mutoto yangu," akasema, "ile siku ya kwanza ulikuja na gari kubwa. Sikukasirika. Uliteseka sana pale chini na Ladislas, nilikuona. Lakini kesho, utakuja kupima ama utakuja kufungua?"

Nilisema, "Kufungua, Mama."

"Basi ile futi uache nyumbani."

Francine akachungulia kutoka ndani. "Mama, it's cold, ingia."

Nikarudi DeSoto. Njia nzima sikufungua redio. Nilifika, nikaegesha mbele ya pikapu, na nikalala chini ya pua yake kabla sijapata nafasi ya kuanza safu ya kumi na tatu. Nikateremsha miguu ya kusimamishia plau, nikachomoa pini ya kushoto, nikachomoa ya kulia, nikatenganisha nyaya na mipira ya haidroliki, nikarudisha pikapu nyuma. Plau la futi nane likabaki limesimama peke yake uwanjani, jekundu, zuri, halina pa kwenda.

Mzee alitoka ofisini akasimama kando yake.

"Umeamua," akasema.

"Tunaenda na dogo."

"Una hakika?"

"Sina, Mzee. Ninachokijua ni kwamba kubwa haliwezi kuingia pale."

Aliangalia plau, akaangalia kigari. Ahadi ilikuwa yake, siyo yangu, na angeweza kunizuia. Badala yake alisema, "Mikanda ya kufungia tela iko wapi?" na akaanza kuitafuta.

Tulipakia kigari mchana uleule, tukakifunga pande nne. Mchanga kwenye karai, chumvi mifuko minne, vikwanguo, koleo. Nikawapigia majirani wa kichochoro kuomba wasogeze mapipa. Yule wa nyasi alisogeza lake na la mwenzake.

Jumanne chenga zilianza alfajiri. Tulifika saa mbili na robo, tukaegesha kando ya mdomo wa kichochoro na kushusha kigari kwa mbao. Zilikuwa na kina cha kama nusu kidole, zinacheza chini ya viatu. Mzee alitembea mbele yangu kwa miguu, akinionyesha vijiti. Nikafika kwenye kona, nikakata usukani hadi mwisho. Kigari kikageuka kama kimezaliwa pale.

Nikateremsha bamba karibu na mlango wa gereji na kusukuma kuelekea nje, kidogokidogo, nusu ya upana kwa mara moja. Chenga zilijikusanya mbele ya mpira na kubingirika. Kwenye lile zege lililoinuka mpira ulipanda, ukashuka, ukaendelea. Lundo nililiweka upande wa chini wa mteremko, msisahau hilo, ili likiyeyuka maji yasirudi njiani kuganda. Mara moja matairi ya nyuma yaliteleza. Mzee akaongeza mfuko mmoja wa mchanga kwenye karai. Ilipofika saa tatu na nusu zege lilikuwa wazi, jeusi kwa unyevu, nami nikarusha mchanga kutoka gereji hadi mdomoni mwa kichochoro.

Mlango ukafunguka. Francine alikuwa ameshampakia mama yake. Alirudi nyuma taratibu, akakata kona, na gari likapita mbele yangu. Mama Consolata alishusha kioo cha dirisha kiasi cha kupitisha vidole, akaniwekea mkononi chapati mbili zilizofungwa kwa karatasi, za moto bado.

"Moja ya Ladislas," akasema. "Usizile zote ukifikiria."

Walifika kliniki mashine ikiwa inamngoja. Jioni Francine aliniandikia kwamba mama amelala chali, amelala kweli.

Lakini hilo nililijua baadaye. Saa ile bado zilikuwepo nyumba tano kwenye orodha, na punje zilikuwa zinaendelea kuanguka. Mzee aliegemeza mbao kwenye tela, akapangusa miwani yake kwa shati.

"Sasa wapi, injinia? Richardson kwa yule mteja nesi, au hapa jirani kwanza?"

"Richardson," nikasema. "Anaingia zamu saa sita." Nikawasha kigari na kukipandisha kwenye tela.